Kwa vijana wetu mnaokwenda Geneva na New York

Vijana wangu,

Nasikia viza za kwenda kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa ya watu wa asili zimetoka. Hongereni. Nina neno kabla hamjaondoka Arusha.

Mwaka 1989 marehemu Moringe ole Parkipuny, aliyekuwa mbunge wa Ngorongoro, alisimama kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa Geneva kuwasemea wafugaji na wawindaji wa Afrika. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili halikuwepo bado. Lilipitishwa Septemba 2007 kwa kura 144 dhidi ya 4, na Tanzania iliunga mkono. Hapa nyumbani serikali husema kila Mtanzania ni mwenyeji wa asili. Mtaulizwa hilo. Msigombane, someni Azimio lenyewe.

Kwenye Jukwaa la Kudumu, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa watu wa asili kule New York, mtapewa dakika tatu hivi. Msizimalize kwa salamu za itifaki, ugonjwa wetu huo.

Ila macho yenu yasiishie ng'ambo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapahapa Arusha. Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, walipewa siku 30 wahame mwaka 2009. Wakapeleka malalamiko kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Banjul, Gambia, Tume ikaifikisha kesi mahakamani, wakashinda Mei 2017. Fidia ikaamriwa Juni 2022. Hesabuni wenyewe hiyo miaka. Na kwa kuwa nchi yetu ilijitoa mwaka 2019 kwenye tamko lililoruhusu mwananchi au asasi kuishtaki moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, njia ya Banjul ndiyo mliyobaki nayo ya kuifikia.

Huko kote wanataka karatasi. Nimeona muhtasari wa mkutano wa kijiji usio na tarehe, mahudhurio yameandikwa kwa mwandiko mmoja tangu jina la kwanza hadi la mwisho. Wakili wa upande wa pili akiuona huo, anashukuru Mungu. Kila mtu aandike jina lake. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Akina mama wasiitwe dakika ya mwisho kujaza orodha: wao ndio wanaojua kisima kipi kilizungushiwa uzio, na mwezi gani.

Hotuba isomwe kijijini kwanza, wazee waikatekate. Mkirudi, taarifa itolewe kwenye mkutano uleule, kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, na posho mliyolipwa itajwe.

Ni mimi mzee wenu,
Arusha