Shoga, hiyo 600,000 usimpe bado

Bagamoyo, Jumanne usiku

Shoga yangu,

Assalaam aleykum. Mama mfikishie shikamoo yangu, na watoto wapakate kwa niaba yangu. Huku wazima, ila mvua imetushika na njia ya kuingia karakana ni tope tupu. Najua nimekaa kimya tangu arobaini ya Bi Mkubwa, na lawama zako ni za haki. Nitazijibu siku nyingine, maana leo nimeisikiliza ile sauti uliyonitumia mara mbili, na sikuweza kulala bila kukuandikia. Ningepiga simu, ungenikatiza katikati.

Unasema mgao wa vikoba umetoka, una 600,000 mkononi, na kuna kijana atakuwekea matangazo Google, 20,000 kila siku mwezi mzima, ili wenye shughuli wanaotafuta mpishi wakuone. Nakuomba usimpe bado. Sisemi matangazo ni mabaya, milango yangu sasa inauzwa kwa matangazo hayo hayo. Nasema pesa hiyo ni nyingi mno kwa mtu ambaye hajui bado nani atambonyezea.

Shida yote iko kwenye kubonyeza. Tangazo kuonekana hulipi. Mtu akilibonyeza, umelipa, awe mteja, awe mtu anayetafuta kazi, awe mtoto anayechezea simu ya baba yake.

Mwaka jana nilitoa 412,000 kwa wiki tatu. Simu zilikuwa zinaita, nikafurahi, nikamwambia fundi mkubwa aagize mninga mwingine. Kumbe walioulizia mlango wa nakshi hasa walikuwa wanne. Wanne, shoga. Gawanya mwenyewe: kila mmoja amenigharimu 103,000, na kati yao aliyelipa ni mmoja. Ule mninga ulikaa mpaka Idi.

Nililogundua ndilo linalonifanya nikuandikie. Mle ndani ya akaunti kuna ukurasa unaoonyesha maneno yenyewe ambayo watu waliyaandika kabla ya kubonyeza. Siyo yale uliyoyachagua wewe, ni yale waliyoyaandika wao. Hakuna aliyenionyesha, niliufikia kwa kupapasa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la karakana, fundi anachonga mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, unga wa mbao unatua kwenye kioo cha simu, nafuta kwa ncha ya kanga, nasoma. Mlango wa aluminiamu bei gani. Picha za milango ya kisasa. Nafasi za kazi useremala. Jinsi ya kurekebisha mlango uliovimba. Wengine wameandika kwa Kiingereza wakitaka historia ya milango ya Zanzibar, na ukiangalia walipo, wako Ulaya. Wote hao nimewalipia mimi, mia nne huyu, mia tano yule. Machozi yalinitoka, fundi akaacha patasi akaniuliza kama kuna msiba.

Sababu yenyewe ni hii. Ukiandika neno lako tupu, tuseme mlango wa mbao, bila alama yoyote, mfumo unalichukua kwa upana wake wote na kuleta kila kinachofanana nalo. Ukiliweka ndani ya alama za kunukuu, linabana: alichoandika mtu lazima kibebe maana ya maneno yako. Ukiliweka ndani ya mabano ya mraba, linabana zaidi. Asiyejua anaandika tupu. Halafu kuna orodha ya maneno ya kuzuia, ambayo unaijaza wewe: kazi, ajira, picha, jinsi ya, aluminiamu, chuma, bure. Neno likiwa humo, mtu akiliandika tangazo lako halitokei, na hulipi.

Sasa jitazame wewe. Kijana atakuwekea "biriani" na "pilau", nina hakika, kwa sababu ndivyo unavyopika. Nani anaandika biriani kwenye simu saa tano asubuhi? Ni mwanamke aliyeko jikoni na nyama yake, anatafuta vipimo vya viungo. Huyo si mteja wako, ni mpishi mwenzio! Atabonyeza, atatafuta vipimo, asivione, atatoka, na wewe umelipa. Mteja wako anaandika "mpishi wa harusi Tanga", "chakula cha shughuli watu 300", "wapishi wa hitima". Maneno hayo wanayaandika watu wachache, na uchache huo usikutishe. Zuia jinsi ya, mapishi, vipimo, video, hoteli, mgahawa. Na kila Jumatatu fungua ule ukurasa usome walichoandika, uongeze ya kuzuia. Mimi mwezi wa kwanza niliongeza maneno zaidi ya sitini.

Kuna na mahali. Ukichagua Tanga, mpangilio unaokuja wenyewe unachukua walioko Tanga pamoja na wanaoonyesha kupendezwa na Tanga, hata wawe wapi. Ubadilishe, uweke walioko tu. Baadaye, ukishazoea, fungua kampeni ya pili kwa Dar es Salaam, yenye maneno yaliyotaja Tanga peke yake, maana watoto wa Tanga wengi wanapanga harusi za nyumbani wakiwa kule. Na pale mwanzo kuna visanduku vimeshawekewa tiki vya kupeleka tangazo kwenye tovuti nyingine nje ya ukurasa wa kutafutia. Viondoe vyote kwa kuanzia.

Narudi kwenye zile 20,000, kwa sababu zinaniuma. Mfumo unaweza kutumia mpaka mara mbili ya bajeti ya siku kwa siku moja, ila kwa mwezi hauvuki mara 30.4. Yaani 608,000. Mgao wako wote wa vikoba, na bado unadaiwa, na hata pesa ya kupiga picha nzuri ya sinia huna. Anza na 5,000. Mimi ndiyo ninayoweka. Mwezi uliopita haikufika 150,000 na walioulizia mlango wa nakshi kwa dhati walikuwa 17. Ni kama 8,800 kwa kila mmoja, shoga, kutoka 103,000.

Hata hizo 5,000 sizimwagi siku nzima. Tangazo langu linawaka saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, saa ambazo nipo kujibu, kwa sababu mtu akikuulizia usiku na wewe umelala, asubuhi ameshapata mwingine. Wewe saa zako zitakuwa tofauti. Kamati za harusi zinakaa lini hapo Tanga, si Jumapili alasiri? Basi Jumapili uongeze, na mchana wa katikati ya wiki upunguze. Na mwezi wa Ramadhani harusi hazipo, zima kabisa, au uandike tangazo jingine la futari za maofisini. Shaaban na Shawwal ndiyo uifungue mikono.

Jambo jingine nililichelewa kulijua: nafasi ya juu hainunuliwi kwa dau peke yake, yaani kiasi unachokubali kulipa kwa kila kubonyezwa. Wanaangalia tangazo linahusiana vipi na alichoandika mtu, lina uwezekano gani wa kubonyezwa, na ukurasa anaofikia ukoje. Kuna alama ya 1 hadi 10 inayokuonyesha umesimama wapi. Mimi nilikuwa napeleka watu kwenye ukurasa wenye vitanda, makabati na salamu za Idi. Sasa wanafika kwenye milango tu: picha sita, bei ya kuanzia, kitufe cha WhatsApp juu kabisa. Bei ipo hadi ndani ya tangazo lenyewe, ili asiyeiweza asibonyeze. Wewe andika "kuanzia watu 100", na anayetaka sahani tano atajipitia.

Na uhesabu. Mfumo unaweza kuhesabu wanaobonyeza kitufe cha WhatsApp, mwambie kijana aweke hilo siku ya kwanza. Lakini mimi nina daftari pia. Kila anayepiga namuuliza, "Umetuonea wapi?" Wino wa buluu kwa waliotoka kwenye tangazo, mwekundu kwa walioletwa na mtu. Hapo ndipo nilipojua kwamba neno moja, "mlango wa Kiswahili", linaniletea wateja kuliko mengine yote, na halikuwemo kabisa kwenye orodha ya mwanzo.

Yule aliyenifungulia akaunti mwanzo aliifungua kwa barua pepe yake. Tulipoachana, akabaki na kumbukumbu zote, nami nikaanza upya. Hilo likikufika wewe nitajilaumu, ndiyo maana nasema mapema.

Mlango wa yule mama wa Msasani umeisha leo jioni, maua ya yungiyungi kwenye mfaa, nitakutumia picha kesho kukikucha.

Sasa niambie. Pesa umeshampa au bado? Akaunti itafunguliwa kwa barua pepe ya nani, na kadi ya nani? Amekuonyesha maneno atakayoyaweka, au amekutajia bei tu? Ukurasa unao, au watu watatumwa kwenye picha za Instagram? Mama mguu wake unaendeleaje, bado anapanda ngazi? Na shughuli ya Mama Tunu ni mwezi huu au imesogezwa? Kama ni mwezi huu nakuja, nitalala kwako siku mbili, tukae na simu yako tuifungue pamoja. Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa sauti.

Wako wa siku zote,
Mama Zuhura