Mdogo wako ndiye atakayekuongoza

Nagoya, Februari

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Bibi yako katupigia simu kwamba pasipoti yako ya kuja kwetu huku Japani imetoka, alhamdulillahi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mdogo wako haachi mtu amalize neno.

Najua umeshatazama video za Japani hadi bando zikaisha. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Wazungu, na yanayowashangaza Wazungu wewe hayatakupa tabu. Wanaonyesha wanafunzi wakifagia darasa na kupiga deki ukumbini kana kwamba ni muujiza. Wewe umeshika fagio la chelewa tangu darasa la kwanza. Wanaonyesha viatu vikivuliwa mlangoni. Kwetu nani anakanyaga mkeka na viatu? Hapa kilichozidi ni kwamba ukishavua unavigeuza, pua zielekee nje, na chooni kuna ndara zake ambazo hazivuki kizingiti cha choo. Hata sahani ya jirani hairudi tupu: nilimpelekea mama wa nyumba ya chini vitumbua, sahani ikarudi na machenza juu yake. Nilicheka peke yangu jikoni.

Yatakayokusumbua ni mengine, na mwalimu wako katika hayo si mimi. Ni mdogo wako. Mimi nimekuja huku mtu mzima, nikiona jambo naliwaza kwanza. Yeye kazaliwa hapa, hana cha kuwaza. Usione haya kumuuliza, ingawa najua atavimba kichwa.

Kwa mfano, hodi haipo. Hapa hupiti nyumbani kwa mwenzio kwa sababu tu umepita njia ile. Watoto wanaagana tangu shuleni: leo, saa fulani, bustani fulani. Saa kumi na moja jioni vipaza sauti vya mtaani hupiga wimbo mfupi, majira ya baridi mapema zaidi, nao hutawanyika kila mtu kwao bila kuitwa na mama yeyote. Vipaza sauti hivyo vipo kwa ajili ya tahadhari za maafa, na wimbo wa kila siku huonyesha kwamba bado vinafanya kazi. Mdogo wako hilo halimshughulishi. Kwake yeye, wimbo maana yake chai na biskuti.

Asubuhi wanakwenda shule kwa miguu, kwa kundi la mtaa. Wa darasa la sita anatangulia, wadogo wanamfuata kwa mstari, na wazee wa mtaa wamesimama kwenye vivuko na vibendera vya manjano. Aprili, mwaka mpya wa masomo ukianza, yeye ndiye atakayetangulia. Ameshaanza kutembea kama mjumbe wa nyumba kumi.

Chakula cha mchana wanakula darasani. Wenye zamu huvaa makoti meupe na kofia na kuwapakulia wenzao, na hakuna anayeanza mpaka wote wamepata na wamesema pamoja neno la shukrani. Sisi tuna la ziada. Ratiba ya mwezi mzima huja nyumbani na orodha ya viungo, tunaisoma tukitafuta nguruwe na ule mvinyo mtamu wa kupikia, na siku hizo anabeba chake. Ila kama shuleni ni kari, na yeye anataka kari. Kama ni samaki, basi samaki. Hataki meza yake ionekane tofauti. Mimi ningependa abebe wali wa nazi na ajivunie, lakini kumlazimisha siwezi, yeye ndiye anayekaa pale.

Kwenye vijiti atakukemea, jitayarishe. Usivichomeke wima kwenye wali, kwani hivyo ndivyo wali wa marehemu unavyowekwa. Usimpokeze mtu kipande kutoka vijiti vyako kwenda vyake, maana baada ya kuchoma maiti ndugu huokota mifupa kwa kupokezana namna hiyo. Kufyonza tambi kwa sauti ruksa. Kupenga kamasi mbele za watu, hapana.

Takataka nazo zina elimu yake. Vinavyoungua mfuko wao, plastiki wake, na chupa na makopo vina siku yao. Mifuko hutolewa asubuhi ile ile, kabla ya saa mbili, na ukichanganya unauacha mtaa mzima ukiusoma mfuko wako, kwa sababu wachukuzi wanaubandika karatasi na kuuacha palepale. Nagoya wamekazia hivi kwa sababu. Walitaka kufukia taka kwenye tope la pwani la Fujimae, mahali wanapotua ndege wa msimu kwa maelfu. Watu wakapinga, mwaka 1999 mpango ukafutwa, na jiji halikuwa na pa kupeleka taka isipokuwa kuzipunguza. Ndege wale bado wapo, tutakwenda kuwaona. Ukiwa mjini usitafute pipa: mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo mwaka 1995. Kifuko cha taka zako weka ndani ya begi, urudi nacho.

Wewe kwa umri wako utaingia shule ya kati, yenye sare na vilabu vya michezo. Huko, aliyekutangulia mwaka mmoja tu ni mkubwa wako: unamwinamia na kubadilisha hata vitenzi ukisema naye. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo haitamlemea, ila mimi naona wamezidisha. Shikamoo kwa mtu wa miaka kumi na nne!

Lililo gumu kuliko yote ni kwamba hakuna atakayekwambia hapana. Utamwomba mwenzio kitu, atavuta pumzi kwenye meno, atainamisha kichwa kidogo, atasema ni vigumu kiasi. Huyo ameshakataa, usimbembeleze. Na ukikosea hutasutwa kama Pwani, ambako shoga yako anakutolea uvivu palepale na jioni mnakula pamoja. Watanyamaza tu, na ukimya huo unauma. Ukiona watu wamenyamaza, njoo umuulize mdogo wako kulikoni. Nimemwona akisoma sura ya mwalimu kutoka upande wa pili wa barabara na kunong'ona, “Mama, tuondoke, ana haraka,” wakati mwalimu anatabasamu na kuniuliza habari za nyumbani.

Tarehe 1 Septemba mtaingia chini ya meza kwa mazoezi ya tetemeko, kukumbuka lile la Kanto, eneo la Tokyo, la mwaka 1923. Usicheke, hata wakicheka wengine. Ukanda wetu huu unangojea tetemeko kubwa la Nankai, ule ufa wa chini ya bahari kusini mwetu, na begi letu la dharura lipo mlangoni. Lako nimeshalinunua.

Nguo za baridi tutanunua hapa, usimsumbue bibi. Lete iliki, bizari nzima na ubuyu wa rangi. Mdogo wako anauliza kama unajua baiskeli. Nimemwambia unajua, kwa hiyo kama hujui, jifunze kabla ya Aprili.

Bibi mpe shikamoo yangu.

Mama yako