Tusishushiwe bei ya unga kwa ajili ya kura

Mhariri,

Kadiri uchaguzi wa urais wa Agosti 2027 unavyokaribia, ndivyo ahadi za kushusha gharama ya maisha zinavyozidi, na sina shaka kwamba kabla ya siku ya kura kuna mgombea atakayesimama jukwaani atutajie bei mpya ya pakiti ya unga. Mimi ni mwenye duka la rejareja hapa Nakuru, na naomba nafasi niwakumbushe wasomaji jinsi mambo yalivyokwenda awali.

Mnamo Mei 2017, miezi isiyofika mitatu kabla ya uchaguzi, serikali iliagiza mahindi kutoka nje na pakiti ya kilo mbili ikauzwa kwa shilingi 90. Mnamo Julai 20, 2022, zikiwa zimesalia siku 20 tupige kura, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba pakiti kama hiyo ingeshuka kutoka shilingi 205 hadi 100. Kesho yake wateja walinijia na noti ya mia mkononi, wengine wakinionyesha tangazo hilo kwenye simu, ilhali unga uliokuwa kwenye rafu nilikuwa nimeununua kwa bei inayokaribia maradufu ya hiyo. Niliitwa mlafi na watu ninaowakopesha sukari. Unga wa ruzuku ulipofika hatimaye kwa muuzaji wa jumla, ulikuwa wa kugombaniwa. Mpango wenyewe ulikuwa wa wiki nne tu, na ulipokwisha, bei ilirudi juu huku wasagaji wakibaki kuidai serikali.

Takwimu rasmi hazikudanganyika. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 8.3 Julai, ukawa 8.5 Agosti, mwezi uleule wa unga wa mia, na kufikia Oktoba ulikuwa asilimia 9.6, kwa sababu ukame, bei ya mafuta na vita vya Ukraine havikuwa vikisubiri tupige kura. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 13, hakuirejesha ruzuku ya unga na akaondoa ile ya petroli, na lita moja ya petroli jijini Nairobi ikapanda mara moja kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30. Waliolalamika walikuwa na haki, ila sehemu ya maumivu hayo ilikuwa imeahirishwa tu hadi kura zihesabiwe.

Wazee wenzangu wanakumbuka yaliyokuwa mabaya zaidi. Katika uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 pesa zilimwagwa hadi noti ya shilingi 500 ikabandikwa jina la Cyrus Jirongo, kigogo wa YK'92, kundi la vijana lililokipigia kampeni chama tawala cha KANU, na mwaka uliofuata mfumuko wa bei ukapita asilimia 40. Ndiyo maana nakithamini kifungu cha 231 cha Katiba ya 2010, kinachoizuia serikali kuiamuru Benki Kuu. Benki hiyo ilipandisha riba yake hadi asilimia 13 Februari 2024, hatua ambayo hakuna mwanasiasa angeithubutu katika mwaka wa kampeni, na ambayo sisi wenye mikopo ya biashara tuliilipia sana. Hata hivyo, pamoja na mavuno mazuri na shilingi iliyopata nguvu, mfumuko ulishuka hadi asilimia 2.7 Oktoba mwaka huo. Mgombea atakayetuahidi kwamba akiingia Ikulu ataiagiza Benki Kuu ishushe riba aulizwe kama ameisoma Katiba.

Sipingi ruzuku zote. Kuushusha mfuko wa mbolea wa kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na baadaye 2,500, kuna maana zaidi kwa sababu kunagusa shamba kabla ya kugusa sufuria, ijapokuwa mwaka 2024 kuna wakulima waliouziwa mbolea ghushi kupitia mpango huohuo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba waandishi wako wamuulize kila mgombea anayeitaja bei ya unga: pesa za kufidia zitatoka wapi, zitadumu miezi mingapi baada ya Agosti, na mbolea itamfikia mkulima wa Trans Nzoia kabla ya mvua za Machi au baada yake? Majibu yao yachapishwe ukurasa wa kwanza, pamoja na majina ya watakaokataa kujibu.

Mwenye duka,
Nakuru