Saa saba mchana ndipo ninapokula

Dodoma, mwezi wa nane

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa natoka kazini, upepo wa huku mwezi huu unapiga vumbi mpaka masikioni, sikushika vizuri. Mara ya pili nilikuwa nimetulia nyumbani. Ya tatu ilikuwa kwa ajili ya maneno yale uliyoyasema chini chini, kwamba shati lako la Idi lililokuwa likikubana mabegani sasa linapwaya, na fundi amekuuliza kama ulikuwa unaumwa. Unafunga saa 20 kila siku, unakimbia kilomita 10 kila alfajiri, unabeba vyuma mara nne kwa wiki, na kumbe ulichokuwa unakitafuta ni kifua na mabega. Nimeona nikuandikie, maana nikikujibu kwa sauti nitaongea dakika 40 na utakachokumbuka ni salamu tu.

Mimi nimepita hapo hapo ulipo. Unajua nilivyohamia Dodoma na wizara mwaka 2017, nikaanza maisha ya kiti na chipsi mayai, kitambi kikaja taratibu. Mwaka juzi nikaamua kukiondoa kwa nguvu zote. Nilikuwa nakula mara moja tu, jioni. Asubuhi nakimbia siku sita kwa wiki, napanda ule mlima wa kwenda Chuo Kikuu, tumbo halina kitu. Jioni naenda kwenye vyuma kabla ya kula. Wiki nane nilitoka kilo 78 hadi 70, na watu wakanisifu. Lakini daftari langu lilikuwa linasema mengine. Mkono ulishuka kutoka sentimita 34 hadi 32, na chuma nilichokuwa nachuchumaa nacho cha kilo 80 kikawa hakipandi tena, nikarudi 65. Siku moja, seti ya tatu, yaani awamu ya tatu ya kunyanyua, nikiwa chini kabisa, macho yakaingia kiza. Kijana aliyekuwa amesimama nyuma yangu ndiye aliyekidaka chuma. Nilikaa chini ya mwarobaini nje ya jimu mikono inatetemeka, nikajiuliza ninafanya nini.

Sasa nisikilize, sahibu. Mimi na wewe tumelelewa na funga. Tumefunga Ramadhani tangu hatujabaleghe, na bibi alitufundisha kuvumilia mpaka adhana ya magharibi. Funga ile ni ya Mola na malipo yake yako kwake. Kosa langu lilikuwa kuichukua roho ile ile na kuipeleka kwenye kujenga mwili, nikadhani kadiri njaa inavyouma ndivyo kazi inavyofanyika. Msuli hauendi hivyo. Unahitaji mzigo unaoushinda kidogo, halafu chakula cha kujijengea, hasa protini, na usingizi. Kufunga hakumo katika hivyo vitatu. Kufunga kunakupangia saa za kula na kukusaidia usile ovyo, basi. Kukikupangia saa ambazo chakula cha kutosha hakienei, umeshapoteza.

Msuli unabomolewa na kujengwa kila wakati, hata ukiwa umelala. Ukibeba vyuma, ujenzi unapanda na unabaki juu kwa saa 24 hivi, pengine 48. Hapo ndipo mwili unapotafuta protini ya kufanyia kazi. Wewe unaumaliza msuli jioni, unalala, unaamka unakimbia kilomita 10 bila kitu, na unakaa hadi magharibi. Fundi yupo, matofali hayapo.

Nilikwenda kutafuta watu walioyapima haya. Kuna utafiti wa Italia uliotoka 2016, wanaume 34 waliozoea vyuma, wiki nane. Nusu walikula kawaida, nusu walikula ndani ya saa nane tu: saa saba mchana, saa kumi jioni na saa mbili usiku. Wote walibeba vyuma mara tatu kwa wiki, na walikula protini ya kutosha. Waliofunga walipungua mafuta na msuli wao haukupungua, nguvu zao zilibaki. Lakini angalia pia upande wa pili: hawakunenepa misuli kuwazidi wenzao, na testosteroni yao, ile homoni ya kiume inayosaidia kujenga msuli, ilishuka. Kisha 2020 Marekani wakatoa utafiti mwingine, watu 116, wiki 12, waliambiwa wale kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku, wale wanachotaka, bila vyuma vya kusimamiwa wala hesabu ya protini. Walipungua chini ya kilo moja, na kwa wale waliopimwa mwili kwa kina, sehemu kubwa ya walichopoteza haikuwa mafuta. Saa zinafanana, matokeo mbalimbali. Kilichotofautisha ni vyuma na sahani.

Ulinitajia pia, kutoka kwenye video uliyotumiwa, yule Mjapani aliyepata Nobeli, kwamba mtu akifunga saa kadhaa seli zinajisafisha na mwili unajijenga upya. Ni Yoshinori Ohsumi, alipata tuzo 2016, na kazi yake kubwa aliifanya kwenye seli za hamira. Ni kazi ya heshima. Ila humo hamna saa ambayo ukiifikia bega linaanza kutanuka. Kujisafisha na kujijenga ni mambo mawili, na waliokutumia ile video wameyachanganya.

Basi nikueleze nilivyo sasa. Nakula kati ya saa saba mchana na saa mbili na nusu usiku. Asubuhi ni maji na chai ya rangi isiyo na sukari, na maji nayanywa mengi kwa sababu hewa ya huku kavu inakausha midomo kabla jua halijachomoza. Tafadhali na wewe unywe, huu si mwezi mtukufu. Nina kilo 74 leo, na kiasi ambacho tafiti nyingi zinakielekea ni gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwangu ni kama gramu 118. Usiogope hiyo namba, inapatikana kwa mama ntilie na genge. Saa saba napakua maharage kikombe kimoja na nusu, mayai matatu ya kuchemsha juu yake na ugali. Hapo nina gramu 45. Ugali wangu mara nyingi ni wa uwele, na mlenda pembeni, Wagogo wamenifundisha kula. Saa kumi, mtindi nusu lita na karanga kiganja kimoja, gramu 24 hivi. Usiku baada ya vyuma, nyama au kuku mnofu wa gramu 150 uliokwisha iva, na wali au viazi, na kikombe cha maziwa, gramu 50. Wiki ambayo mfuko umekaza, nyama inatoka, dagaa wanaingia, na choroko. Dagaa mkavu ana protini nyingi kuliko nyama ukiwalinganisha uzito kwa uzito.

Kuhusu lile kopo la unga uliloliona dukani, mimi nasema mayai kwanza. Unga wa protini ni chakula kama chakula kingine, unafaa pale unaposhindwa kufikisha kwa sahani. Nilishawahi kuuziwa kopo ambalo karatasi yake ya viungo ilikuwa imebanduliwa, muuzaji akaniapia ni zuri. Nililitupa baada ya kuumwa tumbo siku mbili. Kitu chenye ushahidi mzuri na cha bei ya kawaida ni kreatini, unga unaosaidia msuli kupata nguvu za haraka, gramu 3 hadi 5 kwa siku, lakini hata hiyo isubiri mpaka sahani ikae sawa.

Jimu yangu ungeiona ungefurahi. Iko mtaani Chang'ombe, uani kwa mtu, paa la mabati nusu, nusu wazi. Vyuma vingi ni gia na flaiwili za magari mabovu, na vingine ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, yametiwa bomba katikati. Tulikuwa na jozi moja ya makopo tukiamini kila moja ni kilo 15. Mimi bega la kushoto lilikuwa linaniuma kila wiki. Siku moja tukayabeba hadi kwa muuza mahindi tukayapima kwenye mzani wake wa magunia: moja kilo 14, la pili kilo 16 na nusu. Sasa lile zito limepakwa alama nyekundu, na kila seti tunaligeuza bomba, nyekundu kulia, halafu nyekundu kushoto. Bega lilipona. Nenda kapime vyuma vyako, sahibu, usiamini maandishi ya chaki.

Nabeba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja jioni, baada ya ule mtindi. Kuchuchumaa na chuma mabegani, kulala benchi na kusukuma, kuvuta chuma kutoka chini, kujivuta kwenye bomba. Seti tatu tatu, mara 8 hadi 12, na seti ya mwisho iwe ngumu kiasi kwamba ningeweza kunyanyua mara mbili tu zaidi. Katikati ya seti napumzika dakika mbili au tatu kamili; zamani nilikuwa naharakisha ili nitoke jasho, nikadhani jasho ndiyo kazi. Kila nikifikisha 12 katika seti zote naongeza kilo mbili na nusu, naandika. Daftari ndilo linalonihukumu, siyo kioo.

Na mbio? Najua hapa utanibishia, maana wewe ni mtu wa mbio tangu shule. Sikwambii uache. Moyo na mapafu vinazihitaji, na babu zetu wawili wameondoka kwa presha. Ila kipimo. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Hickson aliwaweka watu kwenye makundi, wengine vyuma tu, wengine mbio na baiskeli tu, wengine vyote pamoja karibu kila siku, wiki 10. Waliochanganya walipanda nguvu sawa na wenzao wa vyuma wiki za mwanzo, kisha wakasimama, na mwishoni nguvu zikaanza kushuka. Yule ni wewe wa mwezi huu. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mbio za kiasi haziudhuru msuli kwa maana, hasa ukizitenganisha na vyuma kwa saa kadhaa. Kwa hiyo mimi nakimbia Jumanne na Jumamosi, dakika 30, mwendo ambao naweza kuongea na mtu. Sifungi tena na kupanda mlima siku moja baada ya kuchuchumaa. Kama siku haikuruhusu kutenganisha, vyuma kwanza, mbio baadaye. Na kumbuka huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ukija usijipime na mwendo wako wa Raskazone, huko Tanga pwani.

Nimetoka 70 nikafika 74 kwa miezi minane. Mkono una sentimita 35 na nusu. Kiuno hakikuongezeka hata sentimita moja, na hicho ndicho kilichonishangaza. Ni pole pole sana, kuna mwezi mzima ulipita namba haikusogea nikakaribia kukata tamaa.

Lakini wewe nakutakia kitu tofauti kidogo, na hapa nasema kama ndugu. Wewe huna kitambi. Mimi nilikuwa na cha kupunguza, kufunga kulinisaidia kuacha vitafunwa vya usiku. Kwako kufunga saa 16 kunaweza kukufaa kama unapenda, lakini ukiona sahani hazienei, kula na asubuhi, wala hakuna aibu. Anza kwa kuishusha saa 20 iwe 14 wiki hii. Zipunguze mbio ziwe mara mbili. Ukisikia kizunguzungu, acha, kula, usingoje saa ifike. Na lala, uliniambia unalala saa sita usiku na kuamka saa kumi, hapo hata ungekula ng'ombe mzima.

Tena umesema shemeji anataka kufunga pamoja na wewe. Bado ananyonyesha, mwache ale. Na mama, kwa kuwa anameza vidonge vya sukari, asiguse jambo hili bila daktari wake. Sukari inaweza kushuka ghafla kwa mtu wa dawa.

Mwezi ujao una likizo, njoo. Ukifika Morogoro panda treni ya umeme, hutachoka. Zabibu zitakuwa zimeiva, zinauzwa barabarani kwa ndoo. Jumamosi nitakupeleka mnadani Msalato tukale mbuzi wa kuchoma, na tutakwenda saa saba, ili usinisumbue na hesabu zako. Kabla hujaja, mkope fundi futi yake, unipimie mkono, kifua na kiuno, asubuhi kabla hujala, na uniandikie kilo unazochuchumaa nazo sasa. Nitaziandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu, jina lako nimeshaliweka juu.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako wa Dodoma