Komedi ya mapenzi hubeba mzigo mzito, ukifungwa vizuri

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa burudani ya Jumapili iliyopita ilidai kwamba hadithi ya kuchekesha ya wanaume wawili wanaopendana haiwezi kugusa Ukimwi, shida ya nyumba au kutengwa na ukoo bila kuharibika: ama kicheko kinakufa, ama msiba wa watu unafanyiwa mzaha. Sisi kazi yetu ni kuandika na kuhariri skripti hapa Dodoma, na hatukubaliani hata kidogo. Tunaomba nafasi tueleze kazi hiyo inavyofanyika, maana wengi wanaoibishania hawajawahi kuona skripti ikifumuliwa mezani.

Mtanzania hana sababu ya kushangaa wepesi na uzito vikikaa chumba kimoja. Msibani mtani hujilaza akajifanya marehemu, hulizuia jeneza mpaka alipwe, humsema marehemu kwa ubahili wake mbele ya wafiwa, na watu hucheka machozi yakiwa bado mashavuni. Inawezekana kwa sababu tatu. Mtani ana haki ya kusema, analolisema ni kweli, na hagusi pale mfiwa asipoweza kuguswa. Mwandishi wa komedi ya mapenzi anafanya kazi kwa masharti hayo hayo, na skripti nyingi zinazoanguka zimevunja mojawapo.

Tuna mfano mwingine wa zamani. Mwalimu Nyerere alipotafsiri Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969, alitupa komedi ya mapenzi yenye deni, chuki dhidi ya Wayahudi na kesi ya ratili ya nyama ya mtu. Uzito ule haukubandikwa juu. Bassanio anataka pesa ili aende kuposa, Antonio anaingia dhamana kwa ajili yake, na dhamana hiyo ndiyo inayoleta kisu mahakamani. Ondoa deni, na posa yenyewe haipo.

Hicho ndicho kipimo tunachokitumia kwanza. Chukua skripti, ziba kila onyesho linalotaja jambo zito, kisha soma kilichobaki. Hadithi ikisimama bila kuyumba, jambo lile ni kiraka, na watazamaji watakiona. Likiwa ndilo linalowakutanisha wapenzi, linalowachekesha watu mwanzoni na linalowatenganisha wapenzi baadaye, hapo limefumwa. Nusu ya miswada tunayoisoma hushindwa hapa, hata ile yenye mazungumzo matamu.

Tuchukue mfano wa hapa hapa mjini. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, kila anayetafuta chumba anajua habari ya dalali. Tuseme kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani 360,000, na dalali anataka mwezi mmoja wake, 60,000. Jumla 420,000. Sasa dalali huyo anawapa vijana wawili chumba kimoja, wote wamelipa, wote wana funguo, na yeye hapatikani kwenye simu. Hakuna mwenye pesa ya kuanza upya, basi wanagawana godoro na jiko la gesi. Hapo mwandishi ana mkutano wa wapenzi, ana kichekesho, na ana suala la makazi, bila mtu yeyote kutoa hotuba kuhusu makazi. Tena ana zawadi nyingine: wanaume wawili kuishi gheto moja ili kubana matumizi hakumshtui jirani. Siri yao inakaa mchana kweupe, na kila anayeingia kuazima chumvi anakuwa hatari ndogo inayochekesha.

Kuhusu vipimo. Komedi ya mapenzi huwa na kurasa 90 hivi, kwa hesabu ya ukurasa mmoja kwa dakika moja. Mambo mazito yasizidi mawili: moja la wapenzi wenyewe, lingine la mhusika wa pembeni. Jambo zito lionekane kabla ya ukurasa wa 15, na lionekane kama kichekesho. Katikati, karibu na ukurasa wa 45, lionyeshe meno. Kati ya ukurasa wa 70 na 75, wapenzi wanapoachana, liwagharimu. Waandishi wachanga hulileta jambo hilo kwa mara ya kwanza ukurasa wa 60, kwa kuogopa kuharibu furaha, na mtazamaji anajiona amelaghaiwa pesa ya tikiti.

Chukua Ukimwi. Mmoja wa vijana wetu anaishi na virusi na hajasema. Ukurasa wa 14 wako kwenye nyama choma, simu yake inalia saa tatu kamili usiku, kengele ya kumkumbusha kumeza dawa, anainuka na mfupa mkononi, anaaga, anatoka mbio. Mwenzake anaamini kuna mwingine anayemsubiri, na tunacheka kwa wivu wake wa kitoto. Chupa ya vidonge 90 inalia kama kayamba ndani ya begi, kwa hiyo wanaotumia dawa kwa siri hujazia pamba juu ya vidonge ili visigongane. Ukurasa wa 45 mwenzake anatafuta wembe kwenye begi, anashika chupa isiyolia, anafungua, anavuta pamba. Hakuna muziki. Pamba ile inasema tayari ni miaka mingapi ya kujificha. Ukurasa wa 85 simu inalia tena saa tatu kamili, lakini safari hii inayolia ni ya mwenzake: ameitegesha yeye.

Maonyesho hayo ya ukurasa wa 45 na wa 85 yasiandikwe kabla mwandishi hajajua tiba yenyewe. Dawa inayotumika zaidi siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku. Mtu anayeimeza bila kukosa, na kipimo cha wingi wa virusi kikawa hakivioni, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Skripti isiyojua hilo itaandika onyesho la "umeniua!" na kikohozi cha miaka ya tisini, na ugomvi mkuu wa hadithi utakuwa uongo. Habari hiyo ikishajulikana, ugomvi unahamia mahali penye ukweli: mwenzake hakukasirishwa na virusi, amekasirishwa na kutoaminiwa. Wala asiletwe daktari mwenye koti jeupe kueleza kwa kurasa mbili. Sentensi moja inatosha, na aiseme kijana mwenyewe, kwa hasira, huku anatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda.

Sheria nayo ni uzito usiokwepeka. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja, kwa ngono ya "kinyume cha maumbile", kifungo cha maisha na kisichopungua miaka 30. Hadithi inayojifanya haiijui inawadanganya watazamaji, na hadithi inayoleta askari mlangoni imeacha kuwa komedi. Tunashauri woga huo uonekane kwenye vitu vidogo. Kioo cha simu kimepasuka. Fundi anataka namba ya siri ili ajaribu kama kinagusika. Kijana anatazama kikaratasi alichopewa aiandike, anatazama simu yenye picha zao, anasema atarudi kesho. Harudi. Wiki mbili anaibandika simu selotepu, anajikata kidole gumba, anatuma ujumbe wenye herufi zisizoeleweka na majibu yanakuja ya ajabu zaidi. Watu watacheka sana hapo. Halafu mpenzi wake anamfunga plasta kidoleni na kumuuliza kwa nini hakutengeneza simu, na kimya chake kinamaliza kazi.

Kiswahili kina nguvu katika hadithi ya namna hii ambayo waandishi wetu wanaiacha bure. Kiambishi a- hakisemi mume wala mke. Shangazi anatoka Mpwapwa, anamhoji kijana kuhusu mchumba wake. Anafanya kazi? Anafanya. Kwao wapi? Singida. Anasali? Kila Jumapili. Anajua kupika? Kuliko mimi, shangazi. Kijana hajasema uongo hata neno moja, na mwenye kupika yuko pale pale anasonga ugali. Mchumba, mpenzi, mwenzangu, maneno yote yanamsitiri. Yanamsitiri mpaka tunapofika kwenye kitenzi. "Utamuoa lini?" Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na lugha iliyokuwa inamficha kwa dakika tano sasa inadai kujua nani ni nani. Anajibu: "Tutaoana, shangazi." Shangazi anatua kijiko. Hilo ni onyesho zima la ukurasa mmoja na nusu, na ndani yake mna ndoa, ukoo, dini na upweke. Anayetafsiri maandishi ya chini ya picha kwa Kiingereza awe macho, maana lugha ile hulazimisha kutaja mwanamume au mwanamke tangu swali la kwanza, na siri ikivuja hapo onyesho limekufa. Majibu yatafsiriwe bila kiwakilishi.

Neno shoga pia. Wanawake wanaitana hivyo kwa mapenzi, na mwanamume anatupiwa kama jiwe. Mama wa genge anamwita mwenzake ng'ambo ya barabara, "Shoga! Shoga wee!", na kijana aliyekuwa anachagua nyanya anageuza shingo ghafla, kisha anarudi kwenye nyanya. Sekunde mbili. Muongozaji asiikuze picha wala asiongeze ngoma.

Vichekesho vyetu vimezoea kumvalisha mwanamume gauni, kumpa sauti ya puani na kuishia hapo. Tunasema wazi kwamba huo ni uvivu, na unaumiza. Hapo anayechekwa ni yule aliye chini, na mtani mwenye adabu hafanyi hivyo. Wa kuchekwa wapo tele: dalali, mwenye nyumba anayehesabu vyombo, kamati ya harusi iliyokwisha kupanga michango na rangi ya sare kabla bwana harusi hajaulizwa. Shangazi anapokosa mshenga anamteua rafiki wa gheto, yule yule mpenzi, akampelekee kijana wake posa kwa binti wa watu. Barua ya posa mfukoni mwa mpenzi ni kichekesho kikubwa, na ni kidonda kikubwa.

Onyesho hilo lina kosa linalojirudia karibu kila mswada, nalo ni binti. Huletwa kama kinyago cha kufichia siri, anadanganywa kurasa 30, analia, anaondoka. Huko ni kuunga dhuluma mkono huku tunadai tunaipinga. Mpe haja yake. Labda amepata nafasi ya chuo na posa inamkata miguu kama inavyomkata kijana. Basi mshenga na mposwaji wana njama ya pamoja, na jambo zito la pili limepata mwenyewe. Na akija kujua yote, hasira yake iachwe iwe na haki.

Baada ya onyesho linalouma usikimbilie mzaha. Acha nusu ukurasa wa shughuli ya mikono, kuosha vyombo, kukunja shuka. Kichekesho kinachofuata kitoke kinywani mwa aliyeumia, maana yeye ndiye mwenye ruhusa ya kutufungulia kicheko. Kabla ya kupiga picha, isomeni skripti kwa sauti mbele ya watu sita wasioijua, mmoja aweke alama kila panapochekwa na kila mtu anaposhika simu. Alama za simu zikirundikana kwenye onyesho zito, kuna mhusika anahutubia. Mkatishe baada ya mstari wa tatu.

Limebaki suala la mwisho wa hadithi, ambalo makala yenu ililigusa kidogo. Mwaka 2018 Kenya ilipiga marufuku filamu ya Rafiki, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili, na muongozaji wake, Wanuri Kahiu, alieleza kwamba alitakiwa abadili mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini. Alikataa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe siku saba. Hapa kwetu filamu hupitia Bodi ya Filamu kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1976, na kila mwandishi anajua atakutana na swali la namna hiyo. Mawazo yetu ni kwamba komedi ya mapenzi inampa mtazamaji ahadi tangu kicheko cha kwanza: hawa wawili watabaki pamoja. Ukimuua mmoja ukurasa wa 88 umeandika kitu kingine, na umerudia kusema kwamba watu hawa hawawezi kuishia vizuri.

Lakini furaha hiyo iwe ya ukubwa wake. Sheria haibadiliki kufikia ukurasa wa 90, na shangazi hageuki mtu mpya kwa usiku mmoja. Kinachoweza kusogea ni sahani. Amerudi Mpwapwa na hasira yake, akakaa huko, akaja tena na mfuko wa karanga na mlenda mkavu. Anasonga ugali wa uwele bila kusema. Anapakua sahani tatu, anazitazama, anamwambia kijana wake: "Mwite mwenzako, ugali unapoa." Mwandishi aweke kalamu chini hapo.

Ni sisi,
Waandishi na wahariri wa skripti,
Dodoma