Mmevisahau vidonge vyenyewe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu wazee wanaosahausahau iligusa umri, upweke na presha. Vidonge wanavyomeza hamkuvitaja hata kidogo, ilhali baadhi huvuruga kalsiamu, madini ya mifupa yaliyomo pia kwenye damu, nayo ikizidi huweza kuchanganya akili.

Mama yangu alianza na kiu. Kila nikiingia chumbani mwake nakuta jagi tupu. Choo kikawa kigumu, halafu akaanza kuniita kwa jina la mdogo wake. Uzee huo, tukasema. Kipimo cha damu kikatusuta: kalsiamu ilikuwa milimoli 3.1 kwa lita, na kwa kawaida haipiti 2.6 hivi.

Alikuwa akitumia dawa ya presha ya jamii ya thayazaidi. Dawa hiyo hukojosha maji na chumvi, ila kalsiamu figo huizuia isitoke. Peke yake mara nyingi haina neno. Lakini mama alikuwa na kopo jingine, kalsiamu na vitamini D za "kukaza mifupa", alizojinunulia mwenyewe na hakumwambia daktari. Kwake hizo hazikuwa dawa. (Furosemaidi nayo hukojosha, lakini kalsiamu huitoa! Kwa hiyo kusema tu "natumia dawa ya kukojoa" hakutoshi.)

Lithiamu, anayopewa mgonjwa wa akili, ikitumika miaka mingi huweza kuchochea tezi ndogo za shingoni zikapandisha kalsiamu. Dawa nyingine huishusha. Fenitoini na fenobabitoni za kifafa humaliza vitamini D mwilini upesi. Omeprazoli, ya asidi tumboni, ikitumika muda mrefu huweza kupunguza madini mengine, magnesiamu, na hiyo ikipungua sana kalsiamu huifuata. Baadhi ya sindano za kuimarisha mifupa huishusha pia, hasa kwa mwenye figo dhaifu. Hapo midomo na vidole hufa ganzi, misuli ikakaza.

Tafadhali, asitokee mtu akatupa dawa zake kwa kusoma barua hii. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla huleta balaa kubwa zaidi. Ninachoomba ni ukurasa wenu wa afya uwahimize wasomaji kwenda kliniki na kila wanachomeza, hata cha dukani, na kuuliza kama kalsiamu ipimwe.

Daktari wa kwanza hakutuuliza, nasi hatukusema. Wa pili alitwambia tumwage mkoba wa mama mezani. Vikatoka vikopo saba. Kwenye faili lake viliandikwa vinne.

Msomaji wenu wa siku nyingi