Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: warsha mbili za kuchora mandhari, ziara ya Bagamoyo, rambirambi kwa familia ya mwenzetu. Kumbukumbu ziko kwa Katibu. Naomba muda wenu kwa ajili ya onesho letu la kusafiri kuhusu usanifu wa majukwaa ya maigizo, maana maneno yamekuwa mengi.

Nimelaumiwa kwamba shilingi 3,800,000 zilikwenda kwenye fremu za mbao wakati mabango ya plastiki yangegharimu robo yake. Ni kweli, uamuzi tuliupitisha mimi na Mhazini, baada ya vikao viwili kukosa akidi. Kikao cha pili tulifika watu saba, tukangoja tangu saa nne hadi saa saba mchana. Fundi alikuwa anataka malipo ya awali. Tungeahirisha mpaka lini?

Mabango tulishayatumia. Yalijikunja ndani ya basi, yakapauka, na picha moja ikibadilika bango zima linatupwa. Fremu hizi zina bawaba katikati: ikisimama ni mita mbili, ikikunjwa ni moja, inaingia kwenye buti la basi. Picha ziko kwenye kitambaa kilichoshikizwa kwa velkro. Kimoja kikichakaa tunabadilisha hicho tu. Vijana wawili husimamisha fremu zote 12 kwa dakika 40, bila nyundo wala msumari. Nimewapima mwenyewe kwa saa.

Waliokuja Morogoro waliona modeli ya jukwaa kwa kipimo cha 1:25, ambapo mita moja ni sentimita 4. Mtoto mmoja alimchukua yule mtu wa kadibodi, wa sentimita 7 hivi, akamsogeza nyuma ya ukuta wa pembeni, akainama usawa wa viti na kusema, "Mama, huku hawamuoni." Hilo ndilo jambo tunalohangaika kuwafundisha wasanifu wetu. Na mbele ya picha za Kamiriithu, jukwaa la wazi ambalo wanakijiji wa Limuru, Kenya, walilijenga wenyewe mwaka 1977 na serikali ya huko ikalibomoa 1982, watu walisimama kuliko penginepo.

Kasoro ipo. Kasha la modeli halikuwa na sponji ya kutosha, ngazi ikavunjika njiani kwenda Dodoma. Niliigundisha usiku uleule, na asubuhi tukafungua kwa wakati.

Mapato: ada 420,000, michango 5,150,000. Matumizi 4,960,000. Salio 610,000. Kati ya wanachama 58, waliolipa ada ni 21. Hili linaniumiza, ndugu zangu. Shilingi 20,000 kwa mwaka mzima si mzigo wa kutushinda, na mlioko hapa leo hamfiki nusu.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kufika Mwanza, na ikiwezekana Mombasa, wafadhili wakipatikana.

Mhazini yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti